Riziki Alijibu Mwenyewe

Makindye, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako umepata nafuu? Na mihogo, mvua ya huko Uvira imetuachia kitu? Mimi mzima, vitenge vinatoka kidogo kidogo pale sokoni Nakawa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na Riziki anasikia kila neno.

Mama, huyu mdogo wangu ananitoa jasho. Asubuhi ananisuka nywele, ananiita malaika. Saa nne ananitukana mbele ya wapangaji kwamba namchukia. Mchana analia, ananishika nguo nisitoke. Mwezi uliopita alijiumiza mkono kwa makusudi. Niliogopa, na bado naogopa.

Mchungaji alisema ni pepo. Tukafunga siku tatu, wapi! Nikampeleka hospitali. Unavyojua, ulitulea kwamba mkubwa ndiye anayesema mbele ya wageni, basi nikasema mimi. Daktari akauliza hali hiyo hukaa muda gani. Niliona aibu kusema anageuka mara nne kwa siku, wasije wakamwita mkorofi. Nikajibu, "Wiki mbili juu, wiki mbili chini," kama binti mmoja wa kanisani kwetu aliyepata nafuu kwa vidonge. Riziki akapewa dawa za ugonjwa wa yule binti. Alisinzia tu, hasira zikabaki palepale.

Juzi tuliporudi hospitali, nesi mmoja, Mkongomani mwenzetu, akanitoa nje. "Dada, leo pumzisha mdomo." Nilikasirika jamani! Nikasimama mlangoni. Akamwuliza Riziki moyo wake hugeuka wakati gani. Riziki akasema, "Dada akibeba vitenge kwenda sokoni. Najua atarudi, lakini moyo unakataa."

Nikaingia nikakiri uongo wangu. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa wa yule binti hukaa siku nyingi, hata majuma, na unaweza kuja bila sababu. Huu wa Riziki hugeuka kwa saa, hasa akihisi anaachwa. Wanaendelea kumchunguza, ila tayari ana mazungumzo na mshauri kila Alhamisi.

Sasa Mama, usinikasirikie. Ulipomwambia kwenye simu, "Sina mtoto anayeitwa Riziki," ilikuwa hasira, najua. Hata mimi nilimtishia kumrudisha mpakani. Tuyaache hayo. Mpigie Jumapili baada ya ibada. Akikutukana, usikate. Mwambie utapiga tena siku gani, na siku hiyo upige.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi anayeuza ndagala, zile dagaa za ziwani kwetu, mwambie Kampala sijapata zinazofanana na zake.

Riziki ameniona naandika. Ameuliza, "Unamwambia Mama anipokee, au aniache?" Nimemjibu kwamba Jumapili utampigia. Mama, usinifanye mwongo mara ya pili.

Mwanao anayekupenda,
Neema