Kigelegele Juu ya Kichuguu

Lipangalala, Ifakara
11 Juni 2025

Wifi yangu Kija,

Mwangaluka! Umeona kaka yako alivyonifundisha Kisukuma? Mimi na Mabula hatujambo. Nauliza afya yako, ya baba Mashimba, na ya ng'ombe pia, maana kwenu kusahau kuwaulizia ni ugomvi.

Fomu yako ya chuo nimeijaza hapa steshenari kwangu. Diploma ya afya ya mifugo, utasoma hukohuko mbugani kwa simu. Kozi za lazima ni nne, za hiari chagua mbili, unijibu kwa Barnaba wa maziwa. Penye "mtu wa karibu" nimejiandika mimi, uhusiano: wifi. Kozi zithibitishwe kabla ya tarehe 12 Julai kwisha. Ukikosa ni mwakani, na mwakani baba yako atakuwa ameshakuoza.

Baba yangu, mzee Hilari, bado anavuna mpunga jirani na kambi yenu. Wiki iliyopita ng'ombe waliingia shambani, akamkata mchungaji mmoja sikio kwa mundu. Nimemsema, hasikii. Ukimwona na hasira zake, wewe mpishe tu.

Siku chuo kikikutumia ujumbe kwamba wamekupokea, piga kigelegele nikisikie huku mjini!

Wifi yako,
Agnella

* * *

Mbugani
15 Juni 2025

Wifi Agnella,

Shikamoo. Watu huku ni wazima, ila mifugo siyo. Juzi tulikuta madume matatu yamekatwa mishipa ya miguu, yanajiburuta kwenye damu yake. Tuliyachinja huku mama akilia. Siku hiyohiyo vijana wetu wakaenda kuchoma vibanda vya wavunaji. Viwili viliteketea. Cha baba yako nilikaa mlangoni, nikawaambia anayekichoma anichome na mimi humo. Walinitukana, wakaondoka. Baba yako mwenyewe hajui, alikuwa mtoni.

Sasa wanaume wote wanashinda na marungu wakisubiri mwano. Huo mwano ni yowe letu la hatari, wifi. Likisikika, mwanaume anakimbia kupiga, hasimami kuuliza nani kaita. Baba amekataza wanawake hata kuimba tukikamua. Kwa hiyo kigelegele chako nitakipigia moyoni.

Za hiari niandikie uzalishaji wa maziwa na usuluhishi wa migogoro ya ardhi. Najua utacheka. Simu yangu inashika mtandao juu ya kichuguu tu, kile cha nyuma ya zizi, kwa hiyo kila siku mchana nitapanda kuangalia ujumbe. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nizaliwe.

Wifi yako,
Kija

* * *

Lipangalala
24 Juni 2025

Wifi,

Salamu sina, nisamehe. Baba tumemzika Jumamosi.

Wamemuua Alhamisi mchana shambani, katikati ya miganda yake. Mimi ndiye niliyemwosha. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umebonyea kama chungu kilichokanyagwa, na vidole vitatu vimevunjika kwa kujikinga. Meno nimeyaokota kwenye kanga waliyombebea.

Wavunaji wenzake wanasema hakuna aliyekuwa na ugomvi siku hiyo. Wanasema walisikia mwanamke akipiga yowe upande wa kambi yenu, na papo hapo wanaume wakatokea kwenye majani kama nyuki. Nataka jina lake. Wewe upo huko, lazima unamjua. Nikimpata nitamng'oa ule ulimi kwa vidole vyangu, na nifungwe.

Mabula alikuwa huko kwenu siku hiyo, kasema alichelewa kumwokoa. Alirudi akafua shati lake mwenyewe. Tangu tuoane hajawahi kufua hata kitambaa. Mgongo wake umejaa alama za fimbo na hataki niuguse. Nisaidie, wifi yangu. Nimebaki na wewe tu.

Agnella wako

* * *

Mbugani
1 Julai 2025

Wifi yangu Agnella,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara nne.

Ni mimi. Alhamisi nilipanda kichuguuni, ujumbe ukaingia: umepokelewa. Nilisahau kila kitu, wifi. Nilisahau baba alivyokataza. Kigelegele kilinitoka, kikakatika kwa kilio, nikamalizia kwa kupiga kelele. Nilipofumbua macho wanaume walikuwa wameshafika mpungani. Nikawakimbilia nikiita, "Si mwano! Si mwano!" Wao wakasikia neno moja tu, mwano.

La pili ni baya zaidi. Mabula alifika wa kwanza. Mtu alikuwa ameinama anafunga mganda, kofia imemfunika uso, mundu mkononi. Mabula alimpiga begani, akampiga kichwani. Alipoanguka kofia ikatoka. Mabula akapiga kelele, "Ni mkwe wangu!" akajilaza juu yake. Wenzake waliendelea kupiga, wakampiga na yeye. Baba yako alikuwa bado anapumua. Nilimshika mkono hadi ukapoa.

Ulimi wangu huu hapa, wifi. Njoo uung'oe. Chuo sikitaki tena, futa kila kitu.

Wifi yako,
Kija

* * *

Lipangalala
12 Julai 2025

Kija,

Barua yako nilimsomea Mabula kwa sauti. Hakukana. Tukaenda kituo cha polisi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, hakuna aliyemshika. Amewataja wote waliopiga, akaanza na jina lake.

Aliyekuambia upige kigelegele ni mimi. Ninalijua hilo kila ninapofumbua macho, kwa hiyo usije ukanikumbusha.

Leo ni siku ya mwisho ya kozi. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Mara mbili nimeweka kidole kwenye kufuta, nikaona meno ya baba. Halafu nikakumbuka mlango wa kibanda chake na wewe umekaa hapo. Nimezithibitisha zote sita. Ya usuluhishi inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Utaisoma, Kija. Hutakimbia.

Penye "mtu wa karibu" nimefuta jina langu. Mfumo haukubali pabaki wazi, umetoa siku saba. Tafuta mtu mwingine umwandike.

Barnaba nimemwambia asiniletee tena barua.

Agnella Hilari