Jina Langu Kwenye Faili la Daraja Lako

Mzee wangu Mutwiri,

Tulikupoteza mwaka jana mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza tu na maharagwe yana majani mawili mawili. Nilipoteza mwalimu. Na siku ile ile ya kukuzika, nimekuja kujua mwaka huu, tulipoteza na daraja. Hilo nitakueleza, lakini acha kwanza nikushukuru, kwa sababu hasira yangu ni ya juzi na shukrani yangu ina miaka kumi na minne.

Ulinikuta nikibeba maji ya mjengo pale Nkubu, nimetoka Timau, baridi ya shamba la maua imenimaliza vidole. Mafundi wengine walisema mwanamke aje na sufuria, si na mwiko wa ujenzi. Wewe ulinishikisha ncha moja ya mpira wenye maji wa kupimia usawa, ukaenda na nyingine mpaka kona ya pili, ukaniuliza maji yamesimama wapi. Nikakuonyesha. Ukaja, ukapima tena, ukasema, "Huyu anaona. Mleteeni mwiko." Basi. Hukuhutubu. Leo nimesimamisha hosteli tatu kule Nchiru na mtoto wangu wa kwanza yuko sekondari. Hakuna mtu wa serikali aliyenishikia hata ngazi. Ni wewe.

Na ulivyonisumbua na hesabu! "Kagendo, simiti ngapi?" Nikisema kama kumi hivi, unatema mate kando: "Kama-kumi-hivi ni mtoto wa nani? Nipe namba." Nilikuwa nakasirika, haki. Sasa nikiwa kazini najisikia nikiwauliza wengine hivyo hivyo, na nacheka peke yangu.

Ndiyo maana daraja letu la miguu nalijua. Mita tisa na nusu. Mifuko thelathini na nane: familia ishirini na mbili zilileta mmoja mmoja, kumi na sita ukatoa wewe kwa malipo yako ya kahawa. Mawe tuliyatoa mtoni kwa mikono, Jumamosi kumi na moja, githeri ikichemka kando. Serikali haikuleta hata karai. Mwezi mmoja baada ya kumaliza, kifua kikakushika.

Mazishini mwakilishi wetu wa wodi alifika watu wakishakula, akapewa maiki. Unajua kwetu, mwenye maiki kaburini habishiwi. Akasema, "Mzee huyu alinisaidia sana kuleta lile daraja." Eti ulimsaidia! Binti yako Nkatha alinifinya mkono mpaka ikabaki alama. Lakini tulipiga makofi, Mzee. Na mimi. Tulisema ni adabu.

Halafu msaidizi wake, mama mmoja wa miwani, akapitisha karatasi yenye mistari: jina, kijiji, namba ya kitambulisho, sahihi, maoni. Juu haikuwa na kichwa. Tukajua ni ya rambirambi, kama ile ya kila matanga. Nani huuliza karatasi maswali akiwa analia? Tukasaini, mmoja baada ya mwingine, na kalamu ikizunguka.

Sasa sikiliza. Unakumbuka kule chini, karibu na kiwanda cha kahawa, kwao Nkatha tangu aolewe, watu huvuka kwa magogo mawili. Mwezi uliopita gogo moja lilipasuka. Nkatha alivuka lile lililobaki kwa magoti, mtoto mgongoni ana homa, maji yakipita chini ya tumbo lake. Kesho yake tukaenda naye ofisi ya wodi kuuliza daraja. Karani akavuta faili. "Wodi hii ishapata daraja la miguu. Pesa yake imeisha, mngoje bajeti nyingine." Milioni tatu na laki mbili, Mzee. Ni daraja lako, limeandikwa kama kazi yao.

Nyuma ya faili kulikuwa na orodha ya wananchi waliokagua mradi na kuupokea. Namba kumi na saba ni mimi. Sahihi yangu. Na kwenye maoni, mkono wangu mwenyewe: "Lala salama fundi." Chini yangu katekista: "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Mama wa duka la mbolea: "Poleni sana familia." Nkatha alisoma kwa sauti, akacheka mpaka akashika meza. "Kwani hili daraja mlilipokea ama mlilizika?" Kisha akalia.

Mheshimiwa sasa anaomba kura tena. Alinipigia simu mwenyewe: "Fundi, wewe ni mtu wa maendeleo." Kuna ukuta wa zahanati, mita sitini, kazi ni yangu, bora tu nisimame mkutanoni sokoni Jumamosi nimshukuru kwa daraja. Sitakudanganya, nilipiga hesabu. Ni karo ya mwaka mzima. Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikamwambia hapana. Huo uti wa mgongo nao ulinijengea wewe, asante.

Watu wamechoka, Mzee. Jirani yangu anasema hataamka siku ya kura. Mwingine anasema, "Wote wanakula, huyu angalau anasalimia." Mimi nitaamka. Lakini si kwa salamu.

Kule chini nimeshapima. Mita saba na robo, mifuko ishirini na tisa. Nakuahidi Nkatha hatavuka mvua nyingine kwa magoti. Ikibidi nitaanza na mikono yangu, lakini safari hii pesa ambayo ni yetu itafuatwa mpaka ipatikane. Pumzika vizuri, Mzee wangu. Kila nyumba ninayojenga ina jina lako ndani, hata kama mwenye nyumba hajui.

Jumapili baada ya misa nitakusomea hii hapo ulipolala. Nakala nitaibandika kwenye mlango wa ofisi ya wodi Jumatatu asubuhi. Kwa hivyo mheshimiwa, kama umesoma mpaka hapa, nakuuliza wewe mwenyewe, si msaidizi: ile milioni tatu na laki mbili ilijenga nini, na kiko wapi tukakipime? Sitaki salamu wala simu. Andika jibu, weka sahihi yako, libandike mlango huo huo kufikia Ijumaa saa sita mchana.

Kagendo