Kikohozi cha Wapinzani

Jumatano, katikati ya Disemba 1970. Matrah.

Leo kumepoa. Asubuhi nimevaa fulana mbili chini ya kanzu, na mke wangu Rukia akanitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Mashallah, Maskati imekunenepesha." Sikumjibu. Nilikuwa na watu wengine wa kuwajibu leo.

Nna raha. Hilo naliandika mwanzo kabisa, kabla sijaanza kujicheka, maana najijua: nikianza kujicheka huwa sisimami, na la maana husahaulika.

Kazi nimepata.

Sasa naweza kueleza jinsi nilivyoipata, na ni aibu tupu.

Unguja nilikuwa karani kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Kazi yangu ilikuwa kuandika majibu. Wapinzani walikuwa wanaleta maswali yao kwa maandishi siku chache kabla, mimi nazunguka maofisini kuulizia, naandika jibu, na mkuu wa serikali anasimama mbele ya Spika na kulisoma kwa sauti nene kana kwamba kaliota mwenyewe. Hilo halikuwa gumu. Gumu lilikuwa swali la nyongeza, lile analolirusha mpinzani papo hapo, jibu likishasomwa, na halikuandikwa popote. Karani hodari hulikisia mapema, akaandika jibu lake kwa penseli pembeni. Mimi nilijihesabu hodari.

Likija lisilokisiwa, mkuu wa serikali alikuwa na ruhusa ya kusema, "Naomba notisi." Yaani, nipeni muda nikatafute. Nyumbani kwangu neno hilo lilihamia na likakaa. Binti yangu Zuwena, alipokuwa angali mdogo, ukimuuliza nani kavunja kikombe: "Naomba notisi, baba."

Tangu tulipoondoka mwaka sitini na nne, kalamu yangu ilikuwa imelala. Miaka sita nimepima vitambaa kwenye duka la watu Dubai, na wallahi nilikuwa napima vibaya. Sasa tuko hapa Matrah kwa Hamoud, kaka yake Rukia, chumba kimoja sisi watatu, pazia katikati. Miezi miwili shemeji hajasema neno juu ya kazi yangu. Kutosema kwake ndiko kulikokuwa kukiniuma. Mtu akikusimanga, unajibu. Akinyamaza, utamjibu nini?

Hamoud huyohuyo ndiye aliyepeleka jina langu serikalini, maana serikali mpya inatafuta watu wanaojua kuandika. Nikaitwa. Rukia na mimi tulikuwa tumeshakubaliana: nikikosa, narudi Dubai kwenye vitambaa, peke yangu. Wao wanabaki, kwa kuwa Zuwena ameanza kusomesha watoto wa kike kwenye skuli mpya na hatuwezi kumng'oa tena. Tumeng'olewa mara mbili. Inatosha.

Basi nikajitayarisha kama nilivyokuwa nikimtayarisha mkuu wa serikali. Nimeandika maswali yote watakayoniuliza, na chini yake ya nyongeza kwa penseli. Jana alasiri tukafungua bunge chumbani. Rukia kiongozi wa upinzani, Zuwena mjumbe wa viti vya nyuma, mimi serikali nzima.

Nilijibu vizuri, nasema kweli. Mpaka Rukia aliponyoosha kidole: "Mheshimiwa, na wakikuuliza siku uliyokosea?"

Nikaomba notisi.

"Hawatakupa," kasema Rukia.

Kosa letu lilikuwa moja tu, nalo sikuliona. Bunge letu tulilifanya kwa Kiswahili.

Lazima nieleze kidogo. Kwa Kiarabu swali ni *su'al*. Na kikohozi pia ni *su'al*, kwa sikio la mtu wa Unguja. Tofauti yao ni ain, ile herufi inayotoka chini kabisa ya koo: kikohozi kina ain, swali halina. Sisi watu wa Unguja tunaimeza ain. Ali wetu ni Ali mwepesi, anatoka midomoni tu. Mwalimu wangu wa Kurani chuoni alinipigia kelele utoto wangu wote, "Itoe kooni! Kooni!" Kwa hivyo leo, ili wasinione mgeni, nimeitoa kooni. Kila mahali. Hata pale isipokuwepo.

Nami ndiye niliyekuwa nikiwacheka wenzangu Dubai kwa Kiarabu chao. Andika na hilo, daftari.

Ofisi ipo ndani ya ukuta wa Maskati. Walikuwa mabwana watatu nyuma ya meza: mwenyekiti, mtu wa Omani ya ndani aliyesoma Baghdad, mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, wa pili alikuwa akiandika, wa tatu mnene, kimya, amefumba macho nikadhani analala. Tukasalimiana, tukaulizana khabari mpaka zikaisha. Mwenyekiti akasema kama nna lolote kabla hatujaanza, niseme.

Nikakaa wima. Nikasema kwa Kiarabu changu kizuri, "Nna swali moja."

Yaani, nna kikohozi.

Wakatazamana kwa huruma. "Salamat," yaani ugua pole, kasema mwenyekiti, akaagiza niletewe zaatari ya moto, majani wanayoyachemsha kuwa dawa ya kifua. Nikajisemea, ukarimu ulioje! Nikainywa. Mwenyekiti akaniuliza kazi yangu ya zamani, nami nikamweleza kwa ufasaha, kwa ain tele, nikiwa nimejiamini kama bwana harusi. Nayaandika hapa kama yeye alivyoyasikia.

"Kila kikao," nikamwambia, "wapinzani walikuwa wakimkohoa mkuu wa serikali."

"Wote?"

"Wote, tena kwa zamu. Spika ndiye anayewapa ruhusa."

"Wanaomba ruhusa ya kukohoa?"

"Kwa maandishi, siku chache kabla."

Yule aliyekuwa akiandika akaiweka kalamu chini.

"Na mkuu wa serikali anafanya nini?" kauliza mwenyekiti, na ndevu zake zimeanza kutikisika kidogo.

"Anasimama, anajibu kikohozi kimoja kimoja. Kilicho kibaya ni kile cha nyongeza. Kile hakizuiliki. Mimi kazi yangu ilikuwa kukikisia kabla hakijatoka."

Hapo ndipo yule bwana mnene aliyefumba macho alipopasuka. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza. Kumbe mama yake mtu wa Malindi, Unguja, na yeye kakulia hukohuko. Akanigeukia na Kiswahili safi: "Bwana wee! Sema swali, usikohoe! Umeshakunywa zaatari yetu bure!"

Akawageukia wenzake akawafafanulia. Mwenyekiti akajifunika uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakitikisika. Mimi nilikuwa nimekishika kikombe cha zaatari, sijui nikiweke wapi.

Ungeniuliza jana, ningesema mtu akichekwa hivyo kazi imekwisha. Lakini nimegundua jambo: mtu ambaye ameshachekwa vile hana tena cha kuogopa. Nikamaliza zaatari yangu. Nikasema niruhusiwe kuendelea kwa Kiswahili, na bwana mnene atafsiri.

Mwenyekiti akajifuta macho, akauliza, na safari hii hakuwa akicheka. "Mkuu wa serikali ana madaraka yote. Kwa nini ajibu maswali ya watu wasiomtaka?"

Hilo sikuliandika kwenye karatasi yangu, wala kwa penseli.

Nikaona nina njia mbili. Niseme maneno mazuri ya vitabuni, au niseme ile siku niliyokosea, ambayo Rukia alinionya kuwa sitapewa notisi yake. Sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba yangu. Nikasema.

Siku moja mjumbe wa upinzani kutoka shamba aliuliza kama dispensari ya kijijini kwao imefunguliwa. Niliulizia ofisini, nikaambiwa ndiyo, imo kwenye faili. Nikaandika: ndiyo, imefunguliwa na inahudumia watu. Mkuu wa serikali akasimama, akalisoma kwa sauti yake nene. Watu wake wakapiga meza. Yule mjumbe akainuka taratibu, hakukunja hata uso: "Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika. Mlango wa dispensari hiyo una rangi gani?"



Mkuu wa serikali akafunua karatasi yangu, mbele, nyuma. Akainua macho kwenye viti vyetu makarani. Mimi nilikuwa nimeishughulikia feni ya darini, naitazama kama sijapata kuona feni.

Angeweza kusema naomba notisi. Ilikuwa ruhusa yake. Akalifunga faili akasema, "Mheshimiwa Spika, sijui. Nimeletewa jibu nikalisoma. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kuutazama mlango huo."

Wapinzani walikuja kucheka, wakashindwa. Mmoja wao akapiga meza.

Mimi jina langu hakulitaja, si pale wala popote. Ukumbini alinipita na neno moja tu: "Jumatatu utanishikia mwavuli."

Tukaenda, na mvua ilinyesha kweli. Kuta zilikuwepo. Paa halikuwepo. Mlango haukuwa na rangi kwa sababu mlango haukuwepo. Palikuwa na miimo miwili tu na mbuzi katikati yake anatutazama, kama yeye ndiye daktari. Jibu la pili nililiandika palepale, wino ukichuruzika, na lilikuwa la kweli.

"Kwa hivyo," nikamwambia mwenyekiti, "alijibu wasiomtaka kwa sababu wao ndio waliokuwa wamefika pale mlangoni. Sisi tuliomtaka sote tulikuwa mjini."

Bwana mnene akatafsiri polepole. Yule mwenye kalamu akaiokota, akaandika.

"Na aliyeandika jibu la uongo ni wewe," kasema mwenyekiti.

"Ni mimi. Na tangu siku ile sijaandika kitu kwa kuambiwa kimo kwenye faili."

Wakanong'onezana. Kunong'onezana kwao kulikuwa kurefu kuliko miaka yangu yote ya vitambaa. Kisha mwenyekiti akanyanyuka, akanipa mkono. "Jumamosi, sheikh, uje na kalamu yako." Akafikiri kidogo. "Kikohozi kiache nyumbani."

Nimetoka pale na kichwa changu kimepita juu ya milima. Gari la kunirudisha Matrah nililingoja sana langoni kwenye ukuta, na hapo ndipo nilipopitwa na bwana mnene ndani ya gari lake. Kanipungia mkono, anacheka bado. Sikufikiri kitu. Sikujua kuwa dukani kwa Hamoud ndiko anakonunua kahawa yake.

Nimefika nyumbani, sijavua viatu. Rukia ameketi mkekani anakunja nguo. Hakuniuliza kitu. Akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha heshima, kama cha mtu anayemwomba Spika nafasi.

Nyuma ya pazia, Zuwena akakohoa.

Na pale mlangoni nyuma yangu Hamoud, shemeji yangu aliyenyamaza miezi miwili, akakohoa kuliko wote, akashika ukuta, machozi yanamtoka.

"Haya," kasema Rukia, "serikali ijibu."

Nikasimama wima, nikashika upande wa kanzu yangu kama mkuu wa serikali alivyokuwa akishika joho lake. Nikasema jibu ni ndiyo. Jumamosi naanza. Dubai sirudi.

Hamoud akanikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu, akasema, "Mimi nilijua, shemeji. Nilikuwa naogopa kusema nikakutia kijicho." Kumbe kimya chake chote kile kilikuwa dua. Na mimi nilikuwa nakisoma vibaya, kama nilivyolisoma lile faili. Sikwenda kuangalia mlangoni.

"Swali la nyongeza," kasema Rukia. Alikuwa hanitazami machoni, analitazama pazia. "Hili linashuka lini?"

Zamani ningemwandikia jibu zuri. Hivi karibuni, mke wangu, inshallah, mambo yamo kwenye faili.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini Ijumaa baada ya sala nitakwenda mwenyewe kutafuta nyumba."

"Peke yako?"

"Na wewe. Uje uniambie mlango una rangi gani."

Akacheka, akaikunja shuka ya mwisho. Zuwena ameshanikalisha chini na ubao wake wa skuli. Kaniandikia maneno kumi yenye ain na kumi yasiyo nayo, na la kwanza, mtoto huyu hana haya, ni *su'al*. Nimelitamka mara ishirini. Hamoud anasema sasa nakohoa vizuri lakini kuuliza bado.

Rukia kaniuliza Ijumaa tunaondoka saa ngapi, na kama nimeshaulizia gari.

Nimeomba notisi.