Klarineti yenye itakuya ku harusi ya yaya Neema

Bagira, Bukavu

Maman yangu,

Jambo sana. Uliamka je? Na ule mugongo wako, ulipoa ao ungali unakusumbua wakati wa kulima? Miye niko muzima, ninakula, ninalala. Kazi ku atelier ya mbao inaendelea, patron ananisemesha muzuri. Unajua miye pa telefone sijue kusema, ninasemaka "ndiyo maman, ndiyo maman" mpaka inite za telefone zinaisha. Njo maana naandika, shofere wa lori ya Fuso atakuletea. Lakini dada yangu, yaya Neema, asikusomee hii barua, sababu ni habari ya harusi yake, asiijue mbele. Patia mudogo wangu asome.

Ulisikia kama niliingia mu fanfari, bendi ya parokia. Papa Cirhuza, mwenye kutuongoza, alinifundisha kupuliza klarineti na ya kuazima. Sasa mapadri bamoja ba Ulaya bakatutumia sanduku, ndani mulikuwa klarineti ine. Papa Cirhuza akaniambia: "Amani, chagua. Ile utachukua, utaitunza kama bibi yako wa ndoa." Batu bakacheka, miye nikaangalia chini. Mu roho nilikuwa na kintu kimoja tu: kupiga ku harusi ya yaya. Sikuambia mutu.

Maman, miye nilizania klarineti ni klarineti. Kumbe hapana. Moja ilikuwa fupi, inalia juu sana kama katoto kenye njaa. Hiyo nikaacha. Zile tatu zilifanana, lakini moja ilipita zingine kidogo kwa urefu, njo nikachukua hiyo. Ku atelier ubao murefu ndio batu banagombaniaka, nikawaza na hii iko vile. Tukaanza wimbo ya misa. Naweka vidole fasi yake, napuliza muzuri, lakini inalia pembeni. Papa Cirhuza akasimamisha batu bote.

— Amani, uko wapi?

— Niko hapa, papa.

— Hapana. Sisi tuko Bagira, weye uko kule mbali Nyangezi!

Justin, mwenye kupigaka trombone, akacheka mpaka akakaa chini. Alafu papa akanifasiria: ile murefu ni ya noti ya la, na zetu ni za noti ya si bemoli. Kwa macho zinapitana vidole mbili tatu hivi. Lakini ukipiga sawa na benzako, ya la inatoka chini kidogo, haikutane na bengine hata ukipuliza mpaka jasho.

Zikabakia mbili, zote za noti ya si bemoli. Moja ya mbao, nyeusi, nzito, ukiishika unasikia ni mbao yenye ilikauka muzuri. Ingine ya plastiki. Mu fanfari yetu, mutu akichagua, bengine banageukia ukuta, banasikiliza tu. Nikapiga ya mbao. "Iyooo!" Nikapiga ya plastiki. Justin, bila kugeuka: "Nani ameleta bidon ya mafuta ya mawese mu kanisa?"

Bote bakachagua mbao. Papa akaniwekea mu mikono, na kweli maman, nilisikia kama nimepewa mutoto. Nikamuuliza pole pole kama naweza kutoka nayo.

— Hiyo haitoke Bukavu, akasema. Barabara, jua, mvua, itapasuka. Ile ya plastiki, ata ukianguka nayo ku pikipiki, unapangusa unapiga.

Papa alisema kweli. Mbao naijua, inakunywa mvua, alafu jua inaifungua. Na mvua ya kwetu Bunyakiri, weye unaijua.

— Lakini fikiri, papa akasema. Ukiiacha napatia Chantal, mwenzako wa klarineti, na haitakurudilia.

Weye unajua miye, ninanyamazaka mpaka batu banaenda kwao. Ile siku nikaona mu kichwa yaya anatoka mu nyumba na gauni yake, na miye nimesimama mikono bila kintu. Nikasema mbele ya bote:

— Papa, nipe ya plastiki. Yaya yangu anaolewa Bunyakiri.

Papa Cirhuza akachukua ile ya mbao mu mikono yangu. Akaniwekea ile ya plastiki.

— Na ulikuwa unangoja nini kusema?

Chantal anaipiga muzuri ile ya mbao. Kila siku ya Mungu ku misa iko inalia karibu na sikio yangu, na wivu kidogo sikose. Lakini yangu nimeizoea, nikaweka kajani kapya ka mwanzi ku mudomo yake, sasa inacheka. Na Justin alinifuata ku njia: "Bidon haiendake ku harusi peke yake. Nakuya na trombone." Njo maman, ongeza bugali. Justin ni mwembamba, lakini usimuamini.

Salimia koko, ule muzee wetu, mwambie asiuze ule kuku mweupe. Salimia mama mudogo wa ngambo ya mutoni, na baba mukubwa mwenye kupigaka kengele ya kanisa. Shemeki mwenye kuoa yaya pia, mwambie asiogope, sikuye kuomba mbuzi ya mahari.

Kintu moja. Ile wimbo unaimbaka ukitwanga majani ya sombe, niliitafuta na vidole mpaka nikaipata, isipokuwa fasi ya mwisho, sababu kila mara ulikuwa unaikata unaniita nilete maji. Njo nitapiga wakati yaya anatoka mu nyumba. Ukisikia nimesimama wimbo haijaisha, usiwaze ni haya imenishika. Imba weye, nitakufuata.

Mutoto wako mwenye kukupenda,

Amani