Mume Wangu Alifariki Kabla ya Kubatizwa. Je, Nimbatize Mjukuu kwa Siri?

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia huku nikiona haya, kwa kuwa jambo ninaloomba unisaidie ni jambo ambalo mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa parokia kwa miaka ishirini na sita. Mume wangu alikuwa fundi bomba, tuliishi katika ndoa miaka thelathini na minne kwa kibali cha Kanisa, mimi nikiwa Mkatoliki na yeye akiwa hana dini, wala hakuwahi kunizuia kwenda misa, bali kila Jumapili alinisindikiza hadi mlangoni akaketi nje kusoma gazeti, na nilipomuuliza mbona haingii alisema hataki kuingia ili kumfurahisha mke, ataingia siku atakapoitwa na mwenye nyumba. Miaka miwili iliyopita alijiandikisha mwenyewe katika darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, akaketi benchi moja na vijana waliomwita babu, akaandika kila somo katika daftari lile lile alilochorea mabomba ya wateja, na Paroko alipoona shinikizo la damu linamsumbua akamwambia, "Mzee, tukubatize mapema," naye akajibu, "Hapana, Padre. Kazi za haraka nimezirudia sana, zote zinavuja."

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kufika Pasaka, siku aliyopangiwa kubatizwa, asubuhi, akifunga kamba za viatu aende kazini, alianguka sebuleni, akapumua kwa shida dakika chache, na jagi la maji lilikuwa mezani, Mshauri, ningeweza kulifikia bila kuinuka, lakini mimi niliyewakaririsha watoto wa watu kwamba wakati wa hatari mtu yeyote aweza kubatiza, nilikimbia nje kumwita jirani mwenye gari, na niliporudi alikuwa ameshakata roho.

Katika mazishi Paroko alisema marehemu amepata ubatizo wa tamaa, na mwanangu wa pekee, fundi wa simu, akaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto: "Baba alikuwa na tamaa gani? Mtu aliyewarudishia wateja hata nati iliyobaki!" Nikamweleza kwamba neno lile maana yake ni shauku ya kubatizwa, akanigeuzia kibao: "Basi mama, kama shauku inatosha, mtoto wangu anamwagiwa maji ya nini?" Akafuta ubatizo wa binti yake wa miezi minne uliopangwa mwezi ujao, na mkewe akamuunga mkono.

Upande wa pili yuko wifi yangu, dada wa marehemu, aliyebatizwa alipoolewa, naye hanipi nafasi ya kupumua. "Mwalimu mzima, maji yako mezani, ukamwacha kaka yangu nje! Sasa mjukuu unaletewa kila Alhamisi umwogeshe, beseni unalo, maneno unayajua, nani atakuuliza?" Mshauri, Alhamisi iliyopita nilishika kikombe juu ya kichwa cha mtoto, nikaanza, "Nakubatiza," mtoto akacheka, nikaogopa, nikakiweka chini. Je, niendelee? Na mume wangu yuko wapi?

Mjane, mwalimu wa katekisimu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu katika imani,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijakukemea, niruhusu nimvulie kofia mume wako. Nimefundisha wakatekumeni kwa muda mrefu. Wengi huuliza darasa litakwisha lini, na ni wachache mno wanaoomba lisifupishwe. Mtu aliyekaa nje miaka thelathini na zaidi kwa sababu hakutaka kuingia kwa unafiki, kisha akaja kwa miguu yake na kuketi na vijana bila kuona haya, ametupa somo sisi tulioletwa kanisani tukiwa tumebebwa mgongoni.

Unauliza yuko wapi. Wanazuoni wa Kanisa wamelibishania swali hilo karne nyingi. Wako waliolishika kwa ukali neno la Bwana kwamba mtu lazima azaliwe kwa maji na Roho, wakasema pasipo maji hakuna mlango. Wako waliojibu kwamba, ikiwa ni hivyo, rehema ya Mungu ingetegemea umbali wa kisima. Kanisa halikuyadharau maji wala halikuifunga rehema. Linafundisha kwamba Mungu ameufungamanisha wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini Yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Na kuhusu mkatekumeni anayefariki akiwa ametubu, ana upendo, na anautaka ubatizo waziwazi, Kanisa halisitisiti: shauku hiyo yampatia wokovu ambao hakuweza kuupokea kwa njia ya sakramenti. Ndiyo maana Paroko alimzika kama mmoja wetu. Wifi yako anasema kaka yake ameachwa nje. Mwambie kwamba mtu aliyesimama kwenye foleni hajakataa kuingia.

Kuhusu jagi, sitakudanganya: ingefaa ukumbuke. Lakini ulikimbilia gari kwa sababu ulitaka aishi, na hofu ya mke mbele ya mumewe anayekata roho si kosa la kumfungia mtu mbingu. Usijipe ukubwa usio wako. Wokovu wake ulikuwa mikononi mwa aliyemwita.

Sasa kikombe. Hapo umenikasirisha. Mtoto ni mzima, anacheka, wazazi wake wako hai. Nani alikutuma? Unajua vizuri kwamba, pasipo hatari ya kufa, mtoto habatizwi bila ridhaa ya angalau mzazi mmoja. Ungemtia katika imani ambayo nyumbani kwao hakuna wa kumlea ndani yake, na siku mwanao angegundua, angekunyima mjukuu na kulichukia Kanisa kwa pamoja. Wifi yako mwenyewe alibatizwa mchana kweupe mbele ya watu. Mjukuu wa kaka yake afichwe kwa kosa gani?

Mwanao ameuliza vizuri, na anastahili jibu, si machozi. Neno tamaa limempotosha mara mbili. Kwanza alidhani ni uroho. Kisha akadhani ni kitu kinachokaa mahali pa maji, kama betri ya bandia mahali pa ile halisi. Muulize: tunaposema mtu amekata tamaa, kimekatwa nini? Kimekatwa kile kilichokuwa kikimvuta kwenda mbele. Na baba yake alivutwa na nini, kama si maji yale yale? Shauku yake ilimfaa kwa sababu ilikuwa ya kweli, na shauku ya kweli haikidharau kitu inachokitaka. Hawezi kuichukua kiu ya baba yake akaifanya sababu ya kukikimbia kisima.

Mweleze hayo mbele ya mkewe, kwa utulivu, mara moja tu. Kisha nyamaza, jambo ambalo sisi walimu hutushinda. Wakikubali, waende wenyewe kwa Paroko, nawe ukae nyuma. Wakikataa, mpende mtoto, mwombee kila siku, na Alhamisi uendelee kumwogesha kwa sabuni tu.