Unakwenda Wapi Unapolala

9 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi macho, na lile goti la kulia linakuacha ulale? Mpe bibi salamu, mwambie shuka alizotupa siku ya harusi ndizo tunazolalia, na bado zinanukia sabuni yake. Sisi huku wazima na kazi ipo. Wiki hii naipiga vanishi meza ndefu ya watu kumi na wawili. Ukiinama unajiona uso mzima, pamoja na wasiwasi wako.

Na wasiwasi ndio ulionikalisha kuandika. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nauanika. Baba siwezi kumuuliza, nikianza tu atakohoa na kuwasha redio. Wewe ni mtani wangu, utanicheka kisha utanijibu.

Jumapili karakana hufungwa. Chumba chetu kiko juu yake, harufu ya vanishi inapanda kupitia mbao za sakafu. Mchana mke wangu anashusha pazia la manjano alilolishona mwenyewe, na chumba kizima kinageuka rangi ya asali. Hapo hatuhitaji mwalimu. Lakini tukishamaliza, babu, mwili wangu unafunga duka. Haubembelezeki. Usingizi unapanda kutoka miguuni, mtamu ajabu, na ndani yake kuna ndoto fupi. Juzi nilifungua kabati nikakuta ndani yake ni chumba chenu, bibi anakunja shuka, nikaingia kumshikia ncha ya pili.

Nikiamka namkuta mke wangu ameegemea kiwiko, ananitazama. Ananiuliza, "Unakwenda wapi unapolala?" Swali hilo linanichoma, maana najua anachotaka kusema: mbona umeniacha mapema? Nageukia ukutani, namwambia nimechoka.

Kule chini yupo fundi anayekereza miguu ya meza, tunamwita Mashine. Yeye anasema mwanamume wa raundi moja na usingizi ni mgonjwa. Yeye ni tatu, nne, bila hata kunywa maji. Wenzangu wanacheka, mimi nainamia meza yangu. Mke wangu siku hizi amekuwa mkimya, na naogopa amegundua ameolewa na nusu mtu. Niambie kweli, wanaume wa ukoo wetu walikuwaje?

Mjukuu wako,
mpiga vanishi

21 Machi

Mume mwenzangu,

Marahaba, na pole kwa kuzeeka kabla yangu. Mimi mzima, goti halijambo, jicho ndilo limeingia ukungu, ndiyo maana naandika herufi kubwa hivi kama za ubao wa kinyozi. Bibi yako yuko uani, hajui ninachoandika, akijua atanipiga kwa upawa.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa kucheka. Eti mwili umefunga duka! Mimi enzi zangu duka halikuwa na mlango. Jogoo wa jirani walikuwa wakinipita wanainamisha kichwa kwa heshima. Kulala? Nilikuwa nikimaliza naruka nje kupasua kuni, narudi, naendelea, na bibi yako ndiye aliyekuwa akiomba mapumziko. Wanaume wa ukoo huu ni chuma. Wewe umetoka wapi, au walikubadilisha hospitali?

Kula vizuri, acha uvivu, na huyo mke wetu ukimshindwa mlete huku nimsaidie kumlea.

Mume mwenzako,
babu yako

2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini jicho limepata nafuu na bibi hajambo. Sisi tunaendelea.

Barua yako niliisoma ngazini, sikutaka kuipandisha juu. Kumbe ukoo mzima ni chuma na mimi ndiye bati. Nimeamua kujirekebisha. Karibu na kituo cha basi yupo mtu anauza unga kwenye vifuko vya plastiki, unaukoroga kwenye chai. Mashine ndiye aliyenipeleka. Muuzaji aliniapia ni mizizi mitupu.

Unafanya kazi, siwezi kukataa. Mwili haulali tena. Masikio yanawaka, moyo unagonga kama nyundo ya jirani, na Jumapili iliyopita niliendelea mpaka mke wangu akanishika mkono akasema, "Basi, inatosha." Nilijiona mshindi. Lakini alipojilaza hakuegemea kiwiko. Hakuniuliza kitu. Nami nilibaki macho nikitazama pazia likipumua dirishani, na ndoto hazikuja. Sikudhani kama nitazitamani.

Labda kipimo ni kidogo. Nitaongeza kijiko.

Mjukuu wako

30 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mbona kimya? Nauliza hali zenu kwa moyo wote, maana zangu si nzuri.

Niliongeza kijiko. Mwili uliamka asubuhi ukagoma kulala, si kwa raha tena, kwa maumivu ya kunifanya niuume mto. Nilimficha mke wangu, nikajifungia bafuni namwagia maji baridi mpaka adhuhuri. Nilipotoka nilianguka kwenye korido. Ni yeye aliyeita gari, na ni yeye aliyekuwa amenishika kichwa nilipokuwa namweleza daktari nilichokunywa. Ndivyo alivyojua.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilitegemea acheke, hakucheka. Waliniondolea damu iliyotuama huko kwa sindano, na kwa hilo sitaki hata kukueleza. Alisema hali hiyo ikidumu zaidi ya saa nne mtu asingoje, akimbilie hospitali, kwani kiungo kinaweza kuharibika kabisa. Mimi nimeponea chupuchupu. Ule unga nao si mizizi mitupu, mara nyingi wanachanganya vidonge vilivyosagwa bila kujua kipimo, na mwenye moyo dhaifu anaweza asiamke.

Halafu nikamwambia kuhusu usingizi. Akavua miwani. "Kwani umelipa hela kujitibu usingizi?" Alinieleza kwamba mwanamume akishafika kileleni mwili unajifunga wenyewe kwa muda na kudai mapumziko. Kwa mwingine ni dakika, kwa mwingine saa, kwa mwingine mpaka kesho, na umri ukienda muda unarefuka. Si ugonjwa na hakuna mashindano. Ugonjwa ungekuwa kushindwa kabisa kila mara, na hata huo unatibika, hospitali, si kituo cha basi.

Nilirudi nyumbani na furaha ya kumweleza mke wangu. Nikakuta anafunga cherehani kwenye boksi. Alisema, "Mtu anayehitaji dawa ili anitake, hanitaki." Amekwenda kwa dada yake. Pazia amelishusha kabla ya kuondoka, na mimi silipandishi.

Babu, nikimkosa huyu sijui nitamweka nani mahali pake. Nijibu.

Mjukuu wako

8 Mei

Mume wangu mdogo,

Ni bibi yako naandika. Babu yako amefanyiwa upasuaji wa jicho, amefungwa kitambaa na haruhusiwi kuinama, kwa hiyo barua yako nimeifungua mimi. Usione haya. Nimezaa watoto sita, sikuwaokota sokoni.

Nilimsomea kwa sauti. Nilipofika kwenye sindano alinyamaza kabisa, na mzee huyu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Kisha akaniagiza nitafute ile barua yako ya kwanza chini ya godoro, nikaisoma, nikamuuliza alikujibu nini. Akaniambia. Nusura nimfungue kitambaa nimtazame vizuri. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Alipiga chuku kama babu anavyompigia mjukuu, hakudhani utaikata kwa kipimo chako uivae kama nguo.

Sasa sikiliza kweli. Kuni hajawahi kupasua. Huyu mwanamume alikuwa akimaliza analala kabla sijavuta shuka. Wala hakuwa na habari ya raundi. Mwanzoni nilikasirika, nikadhani mimi ni chakula kilicholiwa na sahani kuachwa mezani. Siku moja nikamwamsha, nikamuuliza alikuwa wapi. Badala ya kuomba radhi akanisimulia. Alikuwa kwenye mto, ameupiga vanishi kama meza zake, umekauka ukang'aa, anavuka kwa miguu na viatu ameshika mkononi asiuchubue. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo nikawa nangoja aamke, kila mara, kama mtu anayengoja msafiri. Mume wangu, saa hiyo ya baadaye ndiyo iliyoniweka katika ndoa hii. Hiyo nyingine ni nzuri, sikatai, lakini inapita.

Mkeo alikuuliza unakwenda wapi. Ukamgeuzia mgongo. Kwani haikukujia kwamba alikuwa anataka kujua?

Babu yako anasema kutoka kitandani, na ameniomba niandike neno kwa neno: "Mwambie yule mpumbavu, nani alimfundisha kupiga mkono wa pili wa vanishi wakati wa kwanza haujakauka?" Kisha amegeuka ukutani. Kitambaa kimelowa, na daktari alimkataza kulia.

Nenda kwa huyo dada mtu. Maneno ya daktari wako yaache hospitalini.

Bibi yako

Jumapili, 25 Mei

Bibi na babu yangu,

Shikamooni. Jicho limefunguliwa? Babu, natumaini kitu cha kwanza ulichokiona ni bibi, na upawa haukuwepo.

Nilikwenda. Dada mtu alinifungulia mlango nusu, akanikalisha kwenye kigoda barazani kama mtu aliyeleta bili ya maji. Mke wangu alitoka na sindano bado iko kwenye ukosi wa gauni. Nikamwambia, "Uliniuliza ninakwenda wapi." Nikaanza na lile kabati, nikamwambia kuhusu bibi na shuka. Nikamwambia ile ya meza isiyo na mwisho, natembea juu yake na mtu anapanga vikombe mbele yangu, nikimkaribia anasogea. Nilimsimulia zote nilizokumbuka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata moja niliyoisahau. Kuhusu ule unga nilisema jambo moja tu, kwamba sikuunywa ili nimtake. Niliunywa kwa sababu nilimtaka nikaogopa kwamba mimi simtoshi. Naona hata sasa sijalisema vizuri.

Alichomoa ile sindano ukosini, akaichomeka tena. Kisha akaniuliza, "Huyo wa vikombe alivaa nini?" Nikasema sikumuona vizuri. Akasema, "Ukirudi huko, mtazame." Akaingia ndani. Nilidhani nimefukuzwa, mpaka nilipomsikia akimwomba dada yake kamba ya kufungia boksi la cherehani.

Mashine bado anahesabu raundi zake. Mchana huu karakana imefungwa na chumba ni cha manjano. Nililala, bibi, sikupigana na usingizi. Nilikwenda kwenye mtaa usio na nyumba, mapazia tu yamening'inia hewani, yote kazi ya mkono wake, nikawa napita katikati nikitafuta lipi ni la kwetu. Nilipoamka alikuwa ameegemea kiwiko. Hakuuliza kwa mdomo. Nilimsimulia, akaniwekea mkono kifuani, na kabla sijafika mwisho akawa amelala yeye.

Naandika barua hii nimeiweka juu ya goti, taratibu, nisitikise kitanda. Anatabasamia kitu ambacho mimi sikioni. Kope zimeanza kucheza. Naishia hapa, nataka akifumbua macho niwe tayari nimeshauliza.

Mjukuu wenu