Shikamoo Arobaini

Mambrui, Jumanne

Kwani adabu za makundi ya mtandaoni watu hujifunzia wapi? Mimi nilijua moja tu: ukiingia mahali pa watu, unaamkia. Basi leo, kuingizwa tu kwenye kundi la wafugaji kuku, nikaanza. Shikamoo, mmoja mmoja, kwa jina. Nilifika wa arobaini.

Msimamizi akaandika: "Mama, simu zetu zinalia tangu asubuhi. Salamu moja yatutosha sote."

Nilitahayari. Kuku wangu wanakohoa, watatu washakufa, na sasa naogopa hata kuuliza.

Nikampigia binti yangu Rukia, yuko Kilifi. Akacheka weee. "Mama, hakuna chuo cha mambo haya. Panda juu usome ya nyuma."

Kundi hili halimfichi mgeni ya zamani; nikasoma mpaka alasiri. Kumbe! Huyu alileta picha za harusi, yule sauti ya dakika kumi. Na msimamizi mwenyewe, siku zake za mwanzo: "Jamani, hapa mtu huandika wapi?" Na alikuwa ameshaandika.

Nikapata moyo. "Shikamooni nyote. Kuku wangu wanakohoa."

Akajibu mzee mmoja wa Vitengeni, ambaye asubuhi sikumfikia: "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa naingoja yangu. Wanakohoa tangu lini?"